Mashine Thelathini na Moja

Vilasini hakuwa mtu wa kupendwa, na hata wanaomsikitikia leo hawadai kwamba aliwahi kupendwa. Alikuwa na miaka arobaini na minne, mwembamba, nywele kazibana kisogoni kwa mpira wa kufungia mafaili, sauti yake kama bati linaloburutwa. Kwao ni Cherthala, ambako mama yake, Janaki, alisokota kamba za makumbi maisha yake yote mpaka vidole vikagoma kunyooka. Yeye mwenyewe aliingia kazini Kakkanad, pembeni ya Kochi, mwaka 2002, kama mpiga taipu. Kampuni ilikuwa inatunza seva za watu, zile mashine zinazobeba tovuti, barua pepe na kumbukumbu za wateja. Wengi wao walikuwa Uholanzi na Kanada, wachache wa hapo hapo jimboni Kerala. Mteja akilalamika, Vilasini aliyachapa malalamiko na kuyapeleka kwa mafundi. Baada ya mwaka akaanza kuyajibu mwenyewe, kwa sababu mafundi walichelewa kurudi kwenye chai na yeye hakuweza kuvumilia barua isiyojibiwa.

Digrii hakuwa nayo. Alikuwa na mwaka mmoja wa chuo cha ufundi, alioukatisha baba yake alipofariki, na rundo la vitabu vya maelekezo alivyovichapisha kwenye karatasi za kampuni. Hata hivyo, kufikia mwaka 2014 hapakuwa na mtu ghorofa ile ya tano aliyezijua mashine zile kumzidi. Kila mwaka kampuni iliajiri wahandisi wapya, vijana wenye vyeti vya kung'aa na viatu vya kung'aa zaidi, na kila mwaka yeye ndiye aliyewafundisha. Aliwafundisha kwa rula ya chuma. Hakumpiga mtu nayo, aliipiga mezani, karibu sana na vidole.

"Wewe nani alikupa digrii?" alikuwa akiuliza. "Mjomba wako?"

Wakafundishika. Wakapanda vyeo, mmoja baada ya mwingine, nao wakampita. Yeye alibaki na kile cheo chake cha msaidizi, meza ile ile karibu na mlango wa choo.

Mmoja wao alikuwa Jijo. Alipoingia, mwaka 2005, alikuwa na miaka ishirini na miwili, mtoto wa mwalimu mkuu wa Pala, na wiki ya tatu akafuta kwa bahati mbaya barua zote za mteja mmoja. Vilasini alizirudisha kwa saa sita za kazi. Kisha akamsimamisha Jijo juu ya kiti, mbele ya idara nzima, akamwamuru aseme mara kumi: "Nimefuta nisichokijua." Watu walicheka. Walicheka mwaka mzima. Jijo naye alicheka pamoja nao, akajifunza, akawa fundi hodari, na miaka sita baadaye akawa mkuu wa idara. Alipompita Vilasini kwenye korido alimwita "dada" kwa heshima zote. Lakini wazee walisema, mwenye kovu usidhani kapoa.

Alhamisi moja ya mwisho wa Septemba, asubuhi, Vilasini hajafungua hata sanduku lake la chakula, Nimmy alimjia mbio. Nimmy alikuwa mwanafunzi wake wa mwisho, msichana wa Kottayam mwenye akili nyepesi na ulimi mwepesi zaidi.

"Dada, umeona? Dunia nzima inalia."

"Inalia nini?"

"Bash imetoboka. Tundu lenyewe lina miaka ishirini na zaidi, na hakuna aliyeliona."

Bash ni programu inayopokea amri. Fundi anaandika mstari, Bash inaufikisha kwa mashine, mashine inatenda. Karibu kila seva waliyoitunza ilikuwa nayo. Tundu lilikuwa la aibu kwa wepesi wake: mtu yeyote wa mbali angeweza kuficha amri ndani ya ujumbe wa kawaida, na Bash ingeitii bila kuuliza. Ni sawa na mtumishi anayesoma barua kwa sauti na kutenda kila anachokisoma, hata kama imeandikwa, "Mfungulie mwizi."

Kupima kulikuwa rahisi. Unaandika mstari mmoja wa mtego. Mashine nzima inajibu neno moja. Mashine mbovu inajibu hilo na kuongeza jingine, lile ulilolificha. Vilasini akapima ya kwanza. Ikajibu mawili. Akapima ya pili. Mawili.

"Kaeni chini," akawaambia vijana waliokuwa wamemzunguka. "Simu mezani. Chai mtakunywa mbinguni."

Walizitia viraka seva zaidi ya mia nne siku ile. Waliotengeneza mifumo walikuwa wameshatoa kiraka, kazi ikawa kukivuta, kukibandika, kupima tena. Kufika saa kumi kila mashine ilijibu neno moja. Jijo akapita akipiga makofi, akawaandikia wateja wote barua, na chini akatia sahihi yake: mashine zenu ni salama. Siku ya pili alikuwa anatarajia mgeni, Mholanzi mmoja ambaye kampuni yake peke yake ilikuwa na seva mia mbili. Barua ile ilikuwa ua la kumpokelea.

Ijumaa asubuhi Vilasini alisoma kwamba kiraka hakikuziba tundu lote. Kuna mtu amepata njia nyingine ya kupenya pembeni yake. Akaandika mtego mpya, akaujaribu kwenye mashine walizoziita salama. Zikapenyeka.

Hakushtuka sana. Kiraka cha kwanza mara nyingi ni cha haraka. Cha pili kilikuwa kimeshatoka kwa mashine mpya, na hizo Nimmy na wenzake wangezimaliza kabla ya saa sita. Tatizo lilikuwa mashine za zamani, thelathini na moja, ambazo mfumo wake ulikuwa umezeeka hata watengenezaji wakaacha kuushughulikia. Jana yake vijana walikuwa wamezibandika kitu cha kuazima kilichopita mtihani wa kwanza tu. Hizo zilihitaji mtu aichukue Bash yenyewe, airekebishe kwa mkono, aijenge upya.

Akaenda ofisini kwa Jijo. Alimkuta anapanga viti.

"Jijo, barua yako ya jana si kweli."

"Dada, sema polepole."

"Tundu liko wazi bado. Mashine mpya watoto wanazimaliza sasa hivi. Za zamani nizijenge mimi, thelathini na moja. Nipe mpaka jioni."

Jijo akafunga mlango. "Mgeni anafika saa sita. Nimwambie nini? Kwamba jana nimesema salama, leo si salama?"

"Mwambie hivyo hivyo."

"Za zamani usiziguse mpaka Jumatatu. Wenyewe ni wateja wadogo. Shule, ghala la mpira, kile kituo cha masista. Nani atahangaika kuwaibia masista?"

"Mwizi huyu hachagui, Jijo. Ni programu inayotembea mlango kwa mlango. Haisomi kibao."

"Nimesema usiguse." Akatabasamu. "Na mbele ya mgeni, dada, niite bosi."

Saa saba wote walipanda ghorofa ya juu kula. Majani ya mgomba yalikuwa yametandazwa, wali, mchuzi wa dengu wa sambari, vitoweo ishirini kidogo kidogo, kana kwamba sikukuu ya mavuno, Onam, imerudi. Vilasini hakupanda. Alibaki peke yake kwenye meza yake karibu na choo, akafanya alichokatazwa. Aliijenga Bash upya kwa mkono, akaipima, akaibeba kwenye mashine ya kwanza, ya pili, ya kumi. Kila moja ilipojibu neno moja tu alitia alama kwenye karatasi. Juu alisikia viti vikiburutwa na watu wakicheka. Alimaliza thelathini.

Ya thelathini na moja ilikuwa ya masista wa Angamaly, kituo cha kusafisha damu ya wagonjwa wa figo. Mashine ile ndiyo iliyoweka orodha: nani anakuja siku gani, saa ngapi, kitanda kipi. Vilasini alipoingia ndani aliikuta inahema. Kulikuwa na kitu kinachofanya kazi mle ambacho si cha kituo wala si cha kampuni, kimejipa jina la kawaida ili kisitambulike, na kilikuwa kinavuta amri kutoka mahali pa mbali. Aliangalia kiliingia saa ngapi. Kiliingia asubuhi ile, dakika arobaini baada ya Jijo kumwambia asiguse.

Hapo alifanya kosa ambalo mtu mpole asingelifanya. Angeweza kumpigia simu. Angeweza kumvuta pembeni. Alipanda ngazi na karatasi mkononi, akasimama mbele ya Mholanzi aliyekuwa anahangaika kula wali kwa vidole, akasema kwa sauti yake ile ya bati:

"Nilikwambia, hukusikia. Wameshaingia kwa masista."

Mholanzi akauliza kwa adabu, kuna nini. Jijo akanawa mkono taratibu, kidole kwa kidole, akajipangusa.

"Huyu ni msaidizi wetu," akamwambia, kisha akamgeukia Vilasini. "Nani alikuruhusu kuingia kwenye mashine ya masista?"

"Hakuna. Nimeingia kuiokoa."

"Nimmy."

Nimmy akainuka, mdomo bado una chakula.

"Angalia kumbukumbu. Leo nani ameingia kwenye mashine za zamani?"

Nimmy akashuka na kurudi na kompyuta mkononi. Alikuwa anaona vizuri kabisa kilichomo: yule mvamizi, ameingia tangu asubuhi, na Vilasini akimfuata saa tatu baadaye. Akamtazama mwalimu wake. Akamtazama bosi wake.

"Ameingia dada Vilasini," akasema. "Zote thelathini na moja."

"Na nani mwingine kati yetu?"

"Kati yetu, hakuna mwingine."

Hakusema uongo. Vilasini mwenyewe ndiye aliyemfundisha kujibu swali lililoulizwa na si jingine.

"Bwana," Jijo akamgeukia mgeni, "hivi ndivyo tunavyofanya hapa. Hatufichi. Mtu ameingia bila ruhusa kwenye mashine za wateja, na moja imeharibika mkononi mwake. Leo hii anaondoka." Kisha akamwambia Vilasini kwa Kimalayalam, polepole, akiwa anatabasamu bado: "Sema mara kumi, dada. Nimegusa nisichoruhusiwa."

Mtu mmoja akacheka, mwingine akafuata. Walikuwa wanafunzi wake, karibu wote, watu ishirini na saba aliowafundisha kuzungumza na mashine. Vilasini aliwatazama mmoja mmoja kama anayetafuta kosa kwenye mstari. Hakusema hata mara moja. Walinzi wakamshusha, wakampokonya kitambulisho, na sanduku lake la chakula likabaki mezani kwake.

Angeweza kupanda treni jioni ile ile akaenda Angamaly kuwaonya masista. Alilifikiria hilo stesheni, treni ya kwenda huko ikiwa imesimama mbele yake. Lakini moyo wake ulikuwa umejaa sumu, akasema, si kazi yangu tena, na akapanda ya kwenda Cherthala.

Mama yake alikuwa kibarazani.

"Mbona mapema?"

"Wamenifukuza."

"Umeiba?"

"Sijaiba, Amma."

"Basi wamekufukuzia mdomo." Janaki akarudi kutazama barabara. "Nilikwambia uolewe na yule wa posta."

Jumapili Nimmy alipiga simu. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyejifungia mahali.

"Dada, usikate. Ile orodha ya masista imefutika. Jumamosi asubuhi walifungua wakakuta hamna kitu, na nakala ya akiba ilikuwa mle mle ndani, nayo imekwenda."

Vilasini akaingia ndani, mbali na masikio ya mama yake.

"Na jingine. Bosi amesema kila ulichokigusa kirudishwe kilivyokuwa, mgeni aone tumesafisha. Tumerudisha nakala za Alhamisi kwenye mashine zote thelathini."

"Mmezifungua tena."

"Ndiyo."

"Wewe mwenyewe umezirudisha?"

Nimmy akaanza kulia. "Nina mkopo wa masomo, dada, na baba..."

"Lia baadaye," Vilasini akasema, akakata.

Jumatatu asubuhi alikuwa Angamaly. Mlangoni mwa kituo kulikuwa na watu wamekaa chini na vifurushi vyao, nyuso zimevimba, wengine wameletwa wakiwa wamelala siti ya nyuma. Nyuma ya dawati alikaa Sista Ansila, mtawa mfupi mwenye kifua kipana, miwani imefungwa kwa uzi. Mbele yake kulikuwa na boksi la viatu limejaa vipande vya karatasi.

"Mimi natoka kwa wale wa seva," Vilasini akasema. "Nilikuwa natoka. Wamenifukuza."

Sista akatoa barua kwenye droo, akaisukuma mezani. Ilikuwa ile ya Alhamisi, na sahihi ya Jijo.

"Salama," akasoma. "Hili neno kwenu lina maana gani?"

"Sikuiandika mimi."

"Sikuulizi aliyeandika. Ulijua lini kwamba si kweli?"

"Ijumaa."

"Ijumaa saa ngapi?"

"Asubuhi."

"Na leo ni siku gani?"

"Jumatatu," Vilasini akasema. Miaka yote yeye ndiye aliyekuwa mwulizaji wa maswali ya namna hii, na hakuwahi kujua jinsi yanavyouma.

"Simu ile pale," Sista akasema. "Boksi hili ni risiti za mwaka mzima. Kila risiti ina jina na namba. Uwapigie wote, uwaulize siku zao, uandike upya. Chai hakuna."

Alipiga simu tangu saa tatu. Wengine walimtukana. Wengine hawakukumbuka siku zao, walikumbuka tu kwamba kitanda chao kilikuwa karibu na dirisha. Saa nane simu yake mwenyewe ikalia. Alikuwa Jijo.

"Dada, kile kiraka chako cha mashine za zamani, ulikiweka wapi?"

"Kwenye folda yangu."

"Tumeifuta."

"Basi mmekifuta."

"Wameingia kwenye tisa tangu jana. Vijana wanajaribu kukijenga, hakijengeki. Wewe ilikuchukua muda gani?"

"Saa moja."

"Unaweza kukirudia?"

"Naweza."

"Basi tafadhali, mwalimu."

Lilikuwa neno ambalo hakuwa amelisikia kinywani mwa Jijo kwa miaka. Likamwingia tamu, na utamu wake ukamtisha.

"Njoo Angamaly," akasema. "Simama mbele ya hawa watu walioko mlangoni, uwaambie nani alisema salama na nani alisema usiguse. Kisha nitakupa."

"Dada, kuna shule ya viziwi kwenye hizo mashine. Hawajakukosea lolote."

"Najua. Nilianza na yao."

Jijo hakuja. Naye Vilasini hakupiga tena. Kufika Jumatano mashine zote thelathini zilikuwa za watu wengine. Shule ilipoteza matokeo ya mitihani ya miaka minne. Mholanzi alihamisha seva zake kabla ya Krismasi, kampuni ikapunguza watu, Nimmy akiwa wa kwanza. Jijo alikwenda Dubai, na kwenye barua yake ya sifa imeandikwa kwamba aliongoza idara nyakati za hatari. Ofisi zote za Kakkanad zilisikia habari za Vilasini kabla yeye hajaomba kazi, na zilisikia vile Jijo alivyomsimulia mgeni mbele ya majani ya mgomba.

Lakini Jumatatu ile hayo yalikuwa hayajatokea bado. Alikuwa na risiti kumi na moja zilizobaki. Akachukua iliyo juu: Pappachan, wa Kuttanad, miaka sitini na nane. Akapiga. Akapokea mwanamke.

"Napiga kutoka kituo cha Angamaly. Bwana Pappachan siku zake ni zipi?"

"Jumanne, Alhamisi na Jumamosi," mwanamke akasema. "Zilikuwa."

"Zimebadilika?"

"Tulimleta Jumamosi. Tumetoka na mtumbwi alfajiri, kisha gari la kukodi. Mkatuambia jina halimo, tusubiri. Tumesubiri mpaka saa kumi, mkatuambia turudi Jumatatu." Alisema yote kwa sauti moja, kama anayesoma. "Amefariki jana. Tunazika saa tisa. Wewe ni nani?"

Vilasini akataja jina lake. Akasema pole. Mwanamke akakata.

Akaweka simu chini. Sista Ansila alikuwa amesikia upande mmoja, akaelewa wote. Yeye ndiye aliyesimama mlangoni Jumamosi na kuwarudisha watu. Akavua miwani, akaifuta kwa shela yake kwa muda mrefu, akaivaa.

"Jumanne, Alhamisi, Jumamosi?" akauliza.

"Ndiyo."

"Kitanda?"

"Cha nne, risiti inasema."

Sista akafungua daftari jingine, jembamba, la wanaosubiri nafasi. Kidole chake kikashuka hadi jina la kwanza. Akaligeuza daftari upande wa Vilasini.

"Mpigie huyu. Mwambie aje kesho."

"Sista, bado hawajamzika."

"Huyu naye anasubiri tangu Aprili. Piga."

Vilasini akapiga. Alikuwa mwanamume wa Perumbavoor, sauti changa. Alipoambiwa kuna nafasi mara tatu kwa wiki, alimwita mkewe kwa kelele, na Vilasini akawasikia wote wawili wakicheka na kumshukuru Mungu, mtoto naye akiuliza kuna nini. Mwanamume akarudi kwenye simu, akamwita dada, akamwombea maisha marefu yeye na watoto wake.

"Uje saa moja," Vilasini akamwambia. "Usichelewe."

Akaandika jina lake kitanda cha nne, akachukua risiti iliyofuata.